Daftari la Kitambaa Chekundu Nililolianika

Mke wangu Mwanahamisi,

Assalaam alaykum huko ulikotangulia. Barua zote nilizowahi kusomewa zinaanza kwa kusema hali ya mwandishi ni njema na hofu ni kwa anayeandikiwa. Mimi sitaanza hivyo. Hali yangu si njema, na kwako sina hofu, najua umepumzika. Hofu yangu ni ya siku nitakayokufuata nikakukuta umenipa mgongo.

Naandika mwenyewe, na usicheke. Ni zile herufi za darasa la watu wazima, wewe ulipokuwa ukikaa mbele na mimi nakaa karibu na mlango ili nipate kutoroka. Naunga herufi moja moja kwa sauti yake, nikimaliza mstari mmoja napumzika kama mtu aliyetua gunia, na nikiurudia siwezi kuusoma. Lakini kazi haijawahi kunishinda. Kutoka hapa Zinga mpaka Bagamoyo mjini, ukuta wa mawe na chokaa niliousimamisha mimi hauna ufa, na mafundi waliojiona wananizidi kuta zao zimelala chini. Hilo kila mtu analijua. Lile lingine ulilijua wewe peke yako.

Unakumbuka tulivyokuwa tukifanya. Barua inaletwa, watu wamejaa barazani. Naipokea kwa mikono miwili, naifungua, naikazia macho, natikisa kichwa kama mtu aliyeshtushwa na habari. Halafu naita, "Mama Zuwena! Hebu njoo, macho yangu leo yamejaa chokaa." Nawe unatoka ndani unajifuta mikono kwenye kanga, unasoma kwa sauti mpaka mwisho, kisha unanirudishia karatasi na kusema, "Ni kama ulivyoona mwenyewe, Baba Zuwena." Miaka yote. Hata sikukuu ya Idi, wiki nzima sijagusa chokaa. Wageni wakishaondoka unaninong'oneza, "Hiyo chokaa yako haioshiki?" Tunacheka mpaka unakaa chini.

Na herufi za Kiarabu ndiyo usiseme. Watu wote hapa wanaamini nilihitimu msahafu mara tatu. Nilihitimu kwa masikio. Mwalimu anasoma, mimi naitikia, nikashika kila kitu kichwani. Mpaka leo niambie nisome Yasini, naitoa bila kukwama, na kwa sauti ambayo vijana wa siku hizi hawana. Lakini niwekee ukurasa mbele, sijui Yasini ni ipi na orodha ya sukari na majani ya chai ni ipi. Wewe ulikuwa unaandika Kiswahili chetu kwa herufi hizo bila kuinua kalamu, kama mtu anayesuka ukili. Uliijua siri yangu ukaifunika mpaka ulipofunikwa wewe.

Yako mimi nimeifanyaje?

Nalikumbuka lile daftari. Gamba gumu, limevishwa kitambaa chekundu, kurasa za kwanza kaandika bibi yako kwa wino wa masizi, kisha mama yako, kisha wewe. Akipatikana mwali wa kufundwa mtaani, unalitoa, unakaa na Bi Tatu, kungwi mwenzako, mlango wa uani. Siku moja nilikuja kuomba maji nikauliza, "Mnaandika nini?" Bi Tatu akadakia, "Tunaandika majina ya waume wakaidi, shemeji. Wewe peke yako umekula kurasa mbili." Nawe ukalifunga polepole ukasema, "Haya ni ya wanawake, mume wangu."

Nilielewa. Ulikuwa kungwi, mtoto wa kungwi, mjukuu wa kungwi. Anayofundishwa mwali si ya mwanamume kuyajua. Nikaliacha, na leo nakiri kwamba haikuwa adabu yangu. Lingenisaidia nini?

Ulipougua, ukawa huwezi hata kujigeuza, uliniambia, "Lile la kitambaa chekundu mpe Tatu." Nikasema ndiyo. Baada ya arobaini yako Bi Tatu alikuja mwenyewe kulifuata. Nikamwambia kitu cha nyumba yangu hakitoki. Akasema, "Si cha nyumba yako, Kondo." Basi aliposema hivyo ndiyo nikakaza kabisa, unanijua. Lilikuwa bado linanukia udi wako, lakini hilo sikumwambia. Nikalirudisha kwenye sanduku langu la mvule na ufunguo nikauvaa shingoni.

Mwaka jana wakaja watu wa maktaba ya chuo kikuu kutoka Dar es Salaam. Kazi yao ni kutafuta maandiko ya kale majumbani kwa watu. Wanayapiga picha moja moja, picha wanaziweka kwenye kompyuta ili hata karatasi ikiliwa na mchwa maneno yabaki, na mtu aliye popote duniani akafungua akasoma. Wale wenye duka kubwa la nguo mjini walitoa kasha zima la barua za wazee wao. Ikawa kila ukitoka msikitini ni habari za kasha. Kasha, kasha! Nikasema, "Barua za kuuziana nguo ndiyo mnazisifu? Kwangu kuna elimu."

Wakaja. Aliyekuwa akiwaongoza ni binti mkutubi, mwenyeji wa Songea, anaitwa Neema. Aliniamkia vizuri, akanawa mikono, akaikausha, akaliweka daftari lako juu ya mto mdogo kama mtoto mchanga. Akasema mwenzao anayesoma hati hizi yuko masomoni nje, kwa hiyo yeye ataandika maelezo nitakayompa mimi mwenyewe.

"Hili ni la nani, baba?"

"La babu yangu mzaa baba. Elimu ya dini. Mwanachuoni mkubwa, watu walikuwa wanatoka mpaka Mkange kuja kumsikiliza."

Wallahi, babu yangu alikuwa mkwezi wa minazi.

Akafunua, akauliza, "Mbona kurasa nyingine ni kalamu ya dukani, ya buluu?" Nikamjibu, "Babu aliishi umri mrefu." Akaandika.

Akaomba nimsomee kidogo airekodi sauti. Hapo mtu mwenye akili angekumbuka chokaa. Mimi nikakohoa, nikashika ukurasa, nikasoma Yasini. Nilisoma vizuri mpaka majirani wakanyamaza. Nikawa nafunua kurasa kutoka kushoto, kama daftari la shule, na Neema naye akazipiga picha kwa mpango huohuo. Mwisho akashika karatasi yake akauliza, "Kuna kitu humu ambacho hakitakiwi kuonwa na watu wote?"

Nikamwambia, "Weka dunia nzima ione." Nikatia sahihi. Jina langu naliandika vizuri sana, unajua.

Ilipita miezi kadhaa. Siku hiyo tuko barazani baada ya Alasiri, kahawa inazunguka, nami nasimulia habari za babu. Ustadhi Haruni, yule kijana anayesomesha madrasa, akatoa simu yake alitafute daftari. Akaanza kusoma kimoyomoyo, akakunja uso. Akasema, "Mzee Kondo, hizi picha zimekwenda kinyume, mwisho umewekwa mwanzo." Akapeleka kidole, akasoma tena. Halafu akasema, "Lahaula! Mzee, babu yako alikuwa kungwi?"

Watu wakapasuka. Mmoja akamwagikiwa kahawa. "Soma, ustadhi, soma tuelimike!" Haruni alikataa, Mungu amlipe, aliizima simu. Lakini wengine nao wana simu, na anayejua hati hizo si yeye peke yake. Mwanahamisi, nilisikia mistari miwili ikisomwa kwa sauti ya kiume, ya kejeli, na kicheko juu yake. Sitaiandika hapa. Unajua nilifanya nini? Sikusimama nikasema hilo ni la mke wangu, nyamazeni. Nilisema, "Babu alikuwa anajua kila kitu." Nilimlinda babu, ambaye hakuhitaji kulindwa, wewe nikakuacha pale katikati ya wanaume.

Bi Tatu alikuja kesho yake asubuhi. Hakubisha hodi. Alisimama uani akasema, "Ulimnyima daftari mtu uliyeusiwa umpe, ukawapa wenye simu. Wari tuliowafunda wanapita sokoni wanainamisha uso. Nilizoea kukuita shemeji. Sasa nikuite nani?"

Nilivaa kanzu, nikafunga mlango.

Nikaenda Dar, mpaka maktaba. Chumba chao cha maandiko ya kale kina baridi kama asubuhi ya masika, na makasha yamepangwa yana namba. Neema akafurahi kuniona, akadhani nimeleta jingine. Akanionyesha kwenye kompyuta: picha za kurasa zako, kila moja na namba yake, na chini yake jina langu. Akabonyeza kitu, sauti yangu ikajaa chumba kizima. Sauti nzuri kweli. Nilikaa nikajisikiliza nikidanganya kwa maneno ya Mwenyezi Mungu.

Nikamwambia, "Lifunge hilo daftari mwanangu. Ni la wanawake."

Alishtuka, akashika mdomo. Akalifunga palepale, nikaona picha zinatoweka. Lakini akasema picha ambazo watu wameshazichukua hawezi kuzirudisha. Kisha akasema, "Baba, lazima niandike kosa lilitokea wapi. Hapa hatufuti kimyakimya. Tunasahihisha, na tunasema tumesahihisha nini. Ulilisoma, ilikuwaje usijue?"

Ukabakia mlango ule mmoja tu, nami nikaukimbilia. "Unajua, mwanangu," nikasema, "macho yangu yamejaa chokaa."

Akaniangalia kwa huruma. "Pole baba. Nikupeleke hospitali?"

Mke wangu, nilingoja. Sijui nilikuwa nangoja nini. Nadhani nilikuwa nangoja utoke ndani unajifuta mikono. Hukutoka. Nikasema, "Sijui kusoma. Sijawahi kujua. Andika hivyo."

Akaandika. Sasa ukilitafuta lile daftari kwenye kompyuta, picha huzioni wala sauti yangu huisikii, unakuta maneno tu, ambayo Neema alinisomea mara tatu: kwamba ni la Mwanahamisi binti Jongo, na mama yake, na bibi yake, makungwi wa Zinga, kwamba halionyeshwi kwa watu, na kwamba maelezo ya kwanza yalikuwa ya uongo, yalitolewa na mume wake, ambaye hakuweza kulisoma. Dunia nzima ione, nilisema. Basi inaona. Pale barazani wamenipa jina jipya, na wewe ungecheka ukilisikia, lakini silitaji.

Bi Tatu na wenzake walikwenda maktaba, wakakaa na Neema wanawake peke yao, mimi nikabaki nje kwenye benchi. Daftari lenyewe amepewa Bi Tatu. Picha zimefungiwa, na mwanamke anayetaka kuzisoma lazima makungwi waridhie kwanza.

Baada ya wiki moja Bi Tatu alipita hapa nyumbani. Safari hii alibisha hodi. Akakataa kukaa. Akasema, "Nimelisoma lote. Kuna mahali amekutaja. Anasema daftari analiweka kwenye sanduku la mume wake, kwa sababu hapo pana amani." Nikaangalia chini. Akaendelea, "Nimetafuta kitu kingine, Kondo. Mimi na Mwanahamisi tumechezwa ngoma ya unyago pamoja, hakunificha kitu. Kwamba hujui kusoma nimekuja kusikia kwa yule binti wa maktaba. Nikasema basi humu atakuwa ameandika. Daftari la wanawake, mwanamume halifungui, angeogopa nini? Nimepekua ukurasa kwa ukurasa. Hakuandika."

Akaenda zake. Hakuniita shemeji, lakini alisema kwaheri.

Hilo ndilo linalonila. Ungenisema mahali, hata mstari mmoja, hata kwa utani, ningepata pa kushika. Ningesema na yeye pia alinianika. Hukunipa hata hicho.

Samahani siombi, maana najua ungenipa haraka, na sitaki kuipata haraka. Ufunguo wa sanduku nimeuvua shingoni. Ndani hamna kitu sasa, harufu ya udi tu, nayo inaisha.

Neema ameniambia barua hii anaweza kuihifadhi maktaba, kwenye kasha lenye jina lako. Herufi zilizopinda nimemruhusu azinyooshe, maneno asiguse. Akaitoa ile karatasi yake nitie sahihi. Nikamwambia, "Nisomee yote kwanza." Akanisomea taratibu, mpaka akafika pale pa kuuliza kama kuna kitu humu ambacho hakitakiwi kuonwa na watu wote.

Nikamwambia, "Hili la safari hii ni langu mwenyewe. Liache wazi."

Lala salama, Mama Zuwena.

Ni mimi mume wako, kwa mkono wangu,
Baba Zuwena