Kabati la Simu la Azaiba

Mjukuu wangu Thuraya,

Salamu kutoka Maskati. Sote wazima, na mamako keshahamia Ansab. Umeniuliza kama niliwahi kuiamini kompyuta kazini.

Nlikuwa fundi kijana wa simu. Tuliifundisha kompyuta ujuzi wa mafundi wetu, ikawa inatuuliza maswali kisha inataja hitilafu ilipo. Simu za mtaa mmoja wa Azaiba zikawa zinakatika kila mara, na mkuu wetu akataka barabara ichimbwe zitazamwe waya za chini.

"Tuiulize kwanza," nikamwambia.

"Ikikosea, inarudi stoo."

Ikauliza: je, simu hukatika asubuhi, zikarudi jua likipanda? Sote hatukuwahi kuwauliza wenye nyumba. Nikabisha hodi mlango kwa mlango, wakasema ndivyo. Basi, ikasema, ni unyevu ndani ya kabati la waya la barabarani. Tukalifungua, tukakuta waya zimerowa. Tukazikausha, tukabadilisha mpira wa kuzibia mlango wa kabati.

Asubuhi ya pili nikapigia kila nyumba, na zote zikaita. Mkuu akacheka, akasema, "Sasa tuipeleke na mtaa wa Khuwair."

Siku ile nliona kuwa kuuliza vizuri nako ni ufundi, mwanangu. Na bibi mmoja alipopokea akauliza, "Nani mwenzangu?", nlimjibu kwa furaha, "Fundi wako wa simu."

Nakuombea kheri,
Bibi yako Zuwena