Mkorogaji Mpya wa Halua, Lindi

Mdogo wangu Zuhura,

Salamu kutoka pwani tuliyoihama utotoni. Mzee Salim, mpishi wa halua, mikono imemchoka. Serikali imemnyima mpwa wake wa Hadhramaut, aliyetaka kuja kumsaidia kukoroga, kibali cha kuingia, na halua isipokorogwa mfululizo huungua. Alikuwa karibu kufunga duka. Leo nimemkuta akimjaribu kwenye sufuria kijana Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, aliyevuka kuja kukata mkonge bila kuulizwa kibali, maana mashamba yanataka watu.

“Usipumzike!” Salim alifoka.

“Mkonge ulinichoma miiba, mzee. Huu moshi tu!”

Nikaonja halua aliyoikoroga kijana, Salim akinikazia macho. Nikaomba kipande kingine.

“Kesho uje alfajiri,” akamwambia yule kijana.

Mungu akutunze, na magoti yako yapoe.

Kaka yako, Hamadi