Siku Mama Aliposimamisha Ndege

Papa,

Ni mimi Jeanine, binti yako mwenye mdomo. Nimekaa kwenye kiti chako cha kamba hapa barazani, saluni nimeifunga mapema, wateja wanune tu wakitaka. Nina habari ambayo lazima uisikie kutoka kwangu, maana dada yako Feza ameshaanza kuisimulia Uvira nzima, na kila akiisimulia ndege inazidi kuwa kubwa.

Mama amesimamisha ndege. Ndiyo, huyohuyo mke wako. Usicheke kwanza, nianzie mbali kidogo.

Tangu ulipotuacha, lile gile lako, kizibao cha kazi cha rangi ya chungwa, lilibaki limetundikwa nyuma ya mlango wa chumba, na chini yake zile raketi zako mbili za kuelekezea ndege. Mama hakutaka mtu aziguse. Kila Jumamosi alilifua gile, akalipiga pasi, akalirudisha msumarini. Siku moja nikamwuliza, Mama, unamfulia nani? Akaniambia nikashughulike na nywele za watu.

Majirani hapa Ngagara wakaanza kuuliza maswali. Unajua desturi ya kwao Mama. Mwaka ukishapita tangu maziko, jamaa wanakutana kwa kuganduka: misa asubuhi, kisha vinywaji uani, mtu wa familia anasimama anamuaga marehemu mbele ya watu wote, na msiba unavuliwa. Kuanzia hapo mjane anaweza kwenda harusini, anaweza kucheka bila kuangalia nani anamtazama. Mama akakataa. Mwaka ulipita, akasema bado. Mvua zikaja zikaisha, bado. Kwenye harusi za watu alikuwa ananituma mimi, na mimi nimechoka kula brosheti za nyama peke yangu huku nikieleza kwamba Mama anawasalimia. Padri naye alikuja kuzungumza naye, akapewa chai, akarudi alivyokuja.

Sababu aliniambia mara moja tu, tukiwa tunachambua maharagwe. Unaikumbuka asubuhi ile kule hospitali, Kamenge. Ulimwomba uji wa mtama, tena ukasisitiza uwe na sukari ya kutosha, we na sukari yako. Mama akatoka kuutafuta. Aliporudi na thermos mkononi, walikuwa wameshakufunika shuka hadi usoni.

"Yeye alipokea kila mutu aliyeshuka na ndege hapa Buja," akaniambia bila kuinua macho. "Na yeye, nani alimupokea? Alifika peke yake. Mi niko inje natafuta sukari."

Hilo ndilo lililokuwa limemzuia muda wote huo. Niliendelea kuchambua maharagwe, na yeye akaendelea, hadi ungo ukaisha.

Na kumbuka kwamba kazi yako Mama hakuwahi kuiona hata siku moja. Yeye na ndege ni mbalimbali. Miaka ile ya fujo, helikopta ikipita tu alikuwa ananisukuma chini ya kitanda na yeye ananifuata, na woga ule haukumtoka hata amani iliporudi. Ukimwalika uwanjani anasema ana nguo za kuanika. Watu wakimwuliza mumewe anafanya kazi gani, anajibu kwamba analipwa kwa kupungia ndege mikono. Wewe ulikuwa unacheka mpaka unakohoa.

Lakini kartiye nzima, mtaa wote huu, uliifundisha. Ulikuwa unatupanga watoto wote barabarani mbele ya nyumba, mmoja anakuwa ndege, mwingine mpokeaji. Mikono juu ukiivuta, maana yake njoo. Mkono mmoja ukiunyoosha pembeni, geuka. Halafu ile ya mwisho, mikono miwili inapishana juu ya kichwa, nawe unasema kwa sauti ya mkubwa wa uwanja: "Umefika. Zima." Ulikuwa unaitumia kila mahali. Jirani akirudisha gari nyuma, wewe uko barabarani unamwelekeza kama vile ameleta abiria kutoka Ulaya. Mimi na Mama tukigombana juu ya chumvi kwenye mchuzi, unatokea mlangoni, unapishanisha mikono juu ya kichwa bila kusema neno, na Mama anageuka upande wa sufuria ili nisimwone anacheka.

Na habari ya Dakota, ee Papa, hiyo tuliisikia mpaka tukaijua kwa moyo. Ulikuwa kijana, ndiyo kwanza umeanza kazi, ikaja ile ndege ya zamani ya injini mbili, ukapewa wewe uipokee. Ulituambia kwamba ndege hiyo ikiwa chini inakalia mkia, pua iko juu, kwa hiyo rubani anayetembeza haoni kitu mbele yake. Anachungulia kwenye dirisha la pembeni tu. "Haoni mbele," ulikuwa unasema. "Anaamini mutu wa chini." Kisha unatazama mikono yako, nasi tunajua hadithi imekwisha, tunaweza kwenda kulala.

Basi, imerudi. Yaliandaliwa maonyesho ya ndege hapa uwanjani, ndege za jeshi na za zamani, watu wote waje waangalie. Désiré, yule uliyemfundisha kazi, ambaye sasa ndiye mkubwa wa wapokeaji, akaja nyumbani kutuambia kwamba Dakota itakuwepo na kwamba ametuwekea benchi la mbele. Mama akamwuliza kama ameshakula. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake.

Aliyemweza ni Shangazi Feza. Alikuwa amevuka mpaka kuja kumaliza habari ya kuganduka, amebeba mkoba wa mtu asiyeondoka kesho. Akamwambia wifi yake hivi: ama utaje tarehe leo hii, ama twende wote tukaangalie hizo ndege, chagua. Mama akachagua ndege. Niliwaza moyoni kwamba kumbe huyu mwanamke anaogopa kukuaga kuliko anavyoogopa helikopta, na nikamhurumia sana.

Tulienda na nusu ya kartiye. Alikuwepo kinyozi wa pale kona, alikuwepo muuza ndagala, dagaa wa ziwani, hata katekista na miwani yake. Jua lilikuwa kali, watu wamefungua miavuli, Fanta zinauzwa ndani ya beseni la barafu, na ng'ambo ya ziwa milima ya kwenu Kongo inaonekana vizuri kabisa. Mama alikaa katikati yangu na Feza, kitenge kilekile cha bluu cha msiba, mikono kwapani.

Helikopta za jeshi zikaanza. Mama alinishika mkono hapa juu ya kiwiko, mpaka leo pana alama. Halafu zikapita ndege mbili za kivita, zimeshapita ndipo kelele yake inafika, na mama mkwe wa kinyozi akapiga yowe, na Mama yangu, Papa, alikuwa tayari yuko chini ya benchi. Mtu mzima, mwenye heshima zake. Feza akamfunika kwa kitenge chake na kuwatukana marubani kwa Kifuliru ili watoto wasielewe. Nilitaka kulia. Nilijiona mjinga kumleta pale, nikainama nikamwambia, Mama, tuondoke. Akasema ngoja wapite kwanza.

Ndipo ikaja Dakota. Sauti yake tofauti, Papa, nzito na ya polepole kama mashine ya kusaga mahindi, haitishi mtu. Mama alitoa kichwa akasikiliza. Ikatua, ikakalia mkia, pua ikabaki juu kama ulivyotuambia, ikaanza kutembea kuja upande wetu. Désiré alikuwa mbele yake na raketi zake, anaiita. Lakini watu walikuwa wamesogea kupiga picha, na kutoka pale tulipokaa ilionekana inakuja moja kwa moja kwenye mabenchi.

Mama akasimama.

"Haoni!" akasema. "Yule mutu haoni mbele!"

Kabla sijamshika alikuwa amepanda juu ya benchi. Mama, aliyekuwa chini yake muda mfupi tu uliopita. Akainua mikono yote miwili, akaipishanisha juu ya kichwa, kabisa kama wewe pale mlangoni. Kinyozi akamwona, na kinyozi ni mwanafunzi wako wa tangu utotoni, akainua yake. Muuza ndagala akainua. Katekista. Feza na chupa ya Fanta mkononi. Mimi pia, nitakudanganya nini. Ngagara yote imesimama juu ya mabenchi, imepishanisha mikono.

Na ndege ikasimama. Palepale, mbali na mahali pake. Rubani alikuwa anachungulia dirisha la pembeni, akaona umati mzima unamwambia umefika, zima, naye akazima. Pangaboi zikazunguka polepole zikanyamaza. Désiré alibaki ameshika raketi zake juu, bado anaita ndege iliyokwisha kuzima injini. Akageuka kutafuta nini kimetokea. Alipotuona, aliinama akashika magoti yake kwa kicheko.

Hatari haikuwepo, alitueleza baadaye, nafasi ilikuwa tele. Ndege ilibidi ivutwe kwa trekta hadi mahali pake, watu wanapiga makofi kana kwamba ilipangwa hivyo, na yule wa kipaza sauti akawaomba waheshimiwa watazamaji washushe mikono yao. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Lakini rubani, mzee mmoja mgeni wa mvi tupu, alikuja mwenyewe kumpa Mama mkono. Désiré akatafsiri. Alisema kwamba kwenye ndege ile, watu wa chini wakikuambia simama, unasimama kwanza, maswali baadaye.

Mama hakuachia mkono wake. Akamwambia Désiré: "Muulize. Aliniona? Pale mbali?"

"Alikuona, Mama. Anasema alikuona wewe wa kwanza."

Akaitikia kwa kichwa, akamwachia yule mzee, akakaa. Kisha tukaanza kurudi. Tulikuwa tumekaribia nyumbani alipomgeukia wifi yake, akamwuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anauliza bei ya nyanya: "Feza, ulikuwa unataka tarehe gani?"

Feza alinitazama mimi, kisha akaanza kuhesabu Jumamosi kwa vidole.

Tumeganduka Jumamosi hii iliyopita, Papa. Asubuhi tulikwenda makaburini kabla ya misa. Mama alikuwa amevaa kitenge kipya cha njano, na juu yake gile lako, limepigwa pasi, linamfika magotini. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kusema, nimeyaandika vizuri, na Feza alikuwa na yake marefu zaidi. Mama akatuomba tusubiri. Akasogea mbele ya msalaba wako, akashika raketi, akaangalia kushoto na kulia kama ulivyokuwa unafanya. Akainua mikono.

"Umefika, Papa Jeanine," akasema. "Zima sasa. Pumuzika."

Nikainua yangu. Nyuma yangu nikasikia nguo za watu zikitembea, kila mmoja anainua mikono yake, Désiré naye, na sare yake ya kazi. Nililia, Papa, nililia kwa sauti, na sikuona haya. Kwa mara ya kwanza tangu ulipokwenda, kilio hakikuniumiza.

Uani, Feza alihutubia mpaka barafu ikayeyuka. Mama alikunywa bia baridi, akala ndizi na samaki wa mukeke, na kinyozi alipoigiza jinsi Désiré alivyobaki anaita ndege, alicheka mbele ya watu wote, kichwa nyuma, meno yote nje. Usiku ule gile alimpa Désiré alichukue. Raketi amezibakiza. Anasema zitamfaa kufukuzia kuku, lakini nimemwona akizifuta vumbi.

Jumamosi ijayo kuna harusi ya binti wa katekista. Anakwenda yeye, mi nabaki nyumbani na miguu yangu juu ya kiti. Ameniagiza nimsuke vizuri, asionekane mjane wa mtu yeyote. Nimemwambia atakaa kwenye foleni kama wateja wengine.

Basi nakuacha, Papa. Nakuahidi jambo moja. Siku ya Mama nayo itakuja, Mungu aicheleweshe, na nitajitahidi niwe karibu, nimshike mkono. Lakini ikitokea niko nje natafuta sukari, popote nitakapokuwa nitapanda juu ya kitu, nitainua mikono, hata watu wanishangae. Wewe kaa upande wako umwangalie anavyokuja. Hatakuwa anaona mbele. Atakutafuta kwa dirisha la pembeni.

Jeanine wako