Siku Niliyochapa Msalaba wa Kwaya

Marahaba, mjukuu wangu Neema. Hujambo huko ugenini? Mafua yamepona? Sisi hapa Igoma Mungu anatutunza. Mama yako yuko Misungwi anavuna mpunga.

Umeniuliza kama nami niliwahi kuogopa hivyo, maana unataka kuacha darasa la kuchapa picha kwenye nguo, mkono unakutetemeka mbele ya wenzako. Niliogopa sana. Nilipojifunza kazi hiyohiyo Mabatini, fundi wangu, Mama Rosa, alinipa nichape msalaba kwenye sare za kwaya yetu. Wanakwaya wakanizunguka.

“Binti, msalaba ukipinda utauvaa wewe Pasaka!” akasema mmoja. Wakacheka.

Nikaanza kuvuta wino juu ya skrini, ile fremu yenye wavu mwembamba unaopitisha wino kwenye nguo. Mkono ukatetemeka, nikataka kusimama katikati. Mama Rosa akanong'ona, “Ukisimama hapo wino utaacha doa. Ogopa, lakini vuta mpaka mwisho.”

Nikavuta huku nikisali kimoyomoyo. Tulipoinua skrini, msalaba ulikuwa umetokea vizuri, na mimi bado natetemeka.

Hadi leo, kila ninapochapa kitambaa cha kwanza huwa naogopa. Sasa nakuogopea na wewe, uko mbali. Hata hivyo, kesho nenda darasani, mama. Nijibu mapema.

Bibi yako