Elina na mtumbwi wake mkavu

Nasma, acha kupika, soma hapa. Nimeaibika.

Unaukumbuka mtumbwi wa marehemu babu? Nimeuweka bandani miezi minne, usipigwe jua wala mvua. Nikaziba maungio ya mbao kwa pamba, nikapaka rangi ya bluu. Unang'aa!

Elina jirani yangu naye, mtumbwi wake mzeemzee aliujaza maji akauzamisha ufukweni siku tatu. Nikamcheka mbele za watu: "Elina, unafuga kambare?" Akaendelea kumimina maji. AKAENDELEA, Nasma.

Basi leo safari ya harusi kisiwani. Wageni wangu wote wa Bukoba na Muleba, sufuria la pilau, mama mkwe mbele kama malkia. Hatujafika mbali, maji yanaingia kila upande.

"Mawe! Miguu yangu!" Huyo mama mkwe, anamwita mamake kwa Kihaya.

Nani anapita? Elina. Ndani kwake pakavu, ungetandika mkeka ukalala.

"Dada, mbao zako zimekauka zikasinyaa. Zinyweshe maji kwanza zivimbe, ndipo zishikane. Pamba peke yake haitoshi."

Kwa upole! Bora angenitukana.

Mama mkwe akawa wa kwanza kuhamia kwake. Halafu wote, na sufuria la pilau.

Mimi nimerudi ufukweni nachota maji, sasa nauzamisha wangu. Ndiyo, siku tatu. Nawasikia wanaimba huko ziwani, sauti ya mama mkwe juu ya zote. Kwangu hajawahi kuimba hata siku moja.

Na sufuria langu limo humo. Nani atawaambia pilau nimepika mimi?