Gurudumu la Upande wa Kushoto

Bweni, Mafia
3 Mei 2025

Kwako mtani wangu Suleimani,

Assalaam alaykum. Hujambo, mume wangu wa kuota? Mimi mzima. Mama naye mzima, isipokuwa miguu, na mdogo wangu Umi anaendelea vizuri, siku hizi anakula na juzi nilimsikia akicheka. Wazee wako huko Baleni ni wazima pia. Nilipita kwao kumfungia mjomba mnyororo wa baiskeli, na mkaza mjomba akanilazimisha kula samaki wawili. Hofu yetu ni kwako wewe uliyemezwa na Dar es Salaam.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yangu imeangukia kwenye ndoo ya oili chafu. Cheka tu. Barua anayo Taufiki wa boti, atavuka nayo mpaka Nyamisati, na ameapa ataifikisha chuoni kwenu mkononi mwako.

Sule, nataka daftari langu. Siku ya Idi uliponinyakulia mbele ya wazee ukakimbia nalo uani, watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na mimi nikacheka nao. Ningefanyaje? Wewe mtoto wa mjomba, mimi mtoto wa shangazi, ukimkuta kuku wangu ukamchinja ni halali yako na sina pa kwenda kushtaki. Mwaka juzi mimi nilikuchukulia viatu vipya mlangoni pa msikiti, ukarudi Baleni pekupeku, na hukununa. Ndivyo tulivyo. Lakini daftari si viatu. Ulisema unakwenda kumwonyesha mwalimu wako kisha unalirudisha, na sasa mwezi umepita.

Mle ndani mna vipimo vyote vya gari langu la magurudumu matatu la kubebea wagonjwa. Unajua kwa nini nalitaka. Ile siku ya Januari bajaji ilipopinduka na Umi ndani, mimba miezi minane, nilikuwa nimekaa ubavuni mwake. Barabara yetu ina njia mbili za matairi ya malori na tuta la mchanga katikati, na gurudumu la mbele la bajaji linapanda tuta hilo hilo. Tulifika hospitali Kilindoni mtoto ameshakwenda. Tangu hapo sikulala vizuri mpaka nilipopata wazo la kulihamisha gurudumu la mbele, likae kushoto, mstari mmoja na la nyuma, gari lifuate njia mbili kama lori. Watu wanasema Warda kachanganyikiwa, anatengeneza gari lililopinda. Waache waseme.

Nimeshaunda kigari cha mbao chenye magurudumu ya baiskeli, nakisukuma mwenyewe mpaka Kirongwe, kinaanguka, nakiinua. Lirudishe daftari, mtani. Mama anakusalimu.

Mimi mtani wako,
Warda


Dar es Salaam
21 Mei 2025

Mke wangu mpenzi Warda,

Waalaykum salaam. Barua yako imenifikia ikinuka oili, nikajua kweli imetoka kwako. Mimi nipo salama, tatizo mitihani na joto la hosteli. Nimefurahi kusikia Umi anacheka. Mpe pole yangu tena. Shangazi mwambie nimemnunulia doti ya kanga, Taufiki anaileta.

Kuhusu daftari, usiwe na wasiwasi, lipo salama sandukuni. Mwalimu alilitazama. Sitaki kukuvunja moyo, lakini alisema mchoro haujakaa kitaalamu, na gurudumu la kando haliwezi kufanya kazi hata siku moja. Alicheka kidogo. Mimi nilikutetea, wallahi. Kwa hiyo usijichoshe na kusukuma mbao mchangani, Warda, una kazi yako nzuri ya baiskeli na pikipiki na watu wanakutegemea. Nikija likizo nitakuja nalo.

Ulimwambia Taufiki unataka kuja mjini kununua vipuri. Subiri kwanza. Mwezi wa sita na wa saba sitakuwa na nafasi kabisa, ukija hutaniona. Njoo mwezi wa tisa tutembee.

Wako mume wa kuota,
Mtani Suleimani


Mbagala, kwa shemeji Chiku
6 Julai 2025

Suleimani,

Assalaam alaykum. Mimi mzima. Sijui kama ni mzima.

Simu nimeshanunua nyingine, lakini haya nayaandika kwenye karatasi ili yasifutike. Nilikuja mjini Alhamisi, nimekaidi. Chiku, wifi yake Umi, ndiye aliyesema twende tukatazame maonyesho ya wabunifu, kuna mashine za kukoboa mpunga na vijana wa vyuo wameleta vitu vyao. Nilipita mabanda matatu. La nne nikaona watu wamejazana, nikajipenyeza kwa viwiko vyangu vya gereji, nikalikuta gari langu.

Ndiyo, langu. Jekundu, linang'aa, bodi ya faiba, taa kubwa mbili. Gurudumu la mbele kushoto. Nilisimama karibu kiasi cha kuligusa na nililigusa. Nilipiga shubiri kutoka gurudumu hadi gurudumu, nikapata zile zile nilizopima barabarani kwetu nikiwa nimepiga magoti kwenye mchanga. Machozi yalinitoka, na nisikufiche, mwanzoni yalikuwa ya furaha. Nilidhani umenifanyia jambo la kunishtua. Nilidhani nikigeuka nitaona jina langu limeandikwa mahali. Nikazunguka gari lote nalitafuta. Kwenye ubao palikuwa na picha yako umevaa tai, na chini yake, "Mbunifu: Suleimani Mfaume."

Kisha ukaja na kipaza sauti. Mzee mmoja alikuuliza kwa nini gurudumu liko upande. Ukasema ni kwa ajili ya kupunguza ukinzani wa hewa. Hewa, Sule! Mzee akatikisa kichwa kama aliyeelewa. Ukasema urefu wa kitanda cha mgonjwa umepatikana kwa utafiti wa urefu wa wastani wa Mtanzania. Urefu ule ni wa Umi. Nilimlaza kwenye mkeka sebuleni, wiki mbili baada ya kumzika mwanawe, nikampima kwa kamba, na yeye alikubali kulala pale kwa sababu nilimwambia hili gari litawasaidia wenzake.

Ukaniona. Najua uliniona kwa sababu ulishusha kipaza sauti. Nilingoja. Ungesema neno moja tu pale, ningekusamehe yote. Badala yake ukanishika bega ukawaambia watu, "Huyu ni shabiki wetu, katoka Mafia kwa ajili ya kuliona gari," ukaniita mke wangu, watu wakacheka, mpiga picha wa gazeti akatupanga mimi na wewe na gari. Na mimi nikacheka! Mdomo wangu umezoea kukuchekea tangu tukiwa watoto. Hicho ndicho kinachoniuma kuliko vyote.

Nimesikia Ijumaa wanakuja wageni wa kampuni kuamua kama watayatengeneza. Sitaki gari, lichukue. Nataka useme mbele yao, "Gari hili kalibuni Warda Jumanne wa Bweni." Sentensi moja. Nitakuwa Bweni nasubiri kusikia.

Binamu yako,
Warda


Dar es Salaam
14 Julai 2025

Mpendwa binamu Warda,

Waalaykum salaam wa rahmatullah. Natumaini umefika nyumbani salama na bahari haikukusumbua. Shangazi hajambo? Umi je?

Nimeisoma barua yako mara mbili. Warda, tusiongee kama watu baki. Mimi na wewe tangu lini kuna wizi? Mtani haibi, anachukua, na wewe ulicheka nilipochukua, wazee wote waliona. Kesi hapo hakuna.

Nikueleze ukweli wa huku. Fomu zilitaka jina la mwanafunzi. Ningeandika fundi baiskeli wa Bweni, mwanamke aliyeishia darasa la saba, nani angesimama kutazama? Mimi nimelipatia hilo gari sura, nimekesha nalo, nimeligombania. Wazo lako lingebaki kwenye daftari mpaka liliwe na mchwa. Ijumaa wageni walikuja, wamelipenda, na haikuwa mahali pa kuanza kueleza mambo ya ukoo. Wakishasaini nitakukumbuka, naapa. Utakuja hata kulizindua, utavaa dera jipya.

Halafu nina swali dogo. Gari likishika breki linalalia kulia, mbele. Juzi dereva wa majaribio alinusurika. Kwenye daftari umechora kiti cha dereva mbele kulia, lakini Taufiki anasema kigari chako cha mbao sasa hakianguki tena. Ulibadilisha nini? Nijibu upesi, wageni wanarudi tarehe ishirini mwezi ujao.

Mtani wako daima,
Sule


Bweni
28 Julai 2025

Suleimani,

Assalaam alaykum. Mama hajambo. Umi hajambo. Kanga ya mama nimempa Taufiki akurudishie, mama mwenyewe kasema.

Barua yako nilimsomea Umi. Nilipofika pale pa mchwa akanyanyuka akaenda kuanika nguo zilizokwisha kauka.

Umeandika ukurasa mzima wa kujitetea, na mwishoni swali dogo. Swali hilo ndilo barua, Sule, mengine yote ni mapambo. Hukuniandikia kwa sababu umeumia. Umeniandikia kwa sababu gari linaanguka.

Nilibadilisha kitu, ndiyo. Nimeanguka nacho kigari mara kumi na moja mpaka nikajua. Nitakwambia, lakini kwanza sikiliza.

Jana nilikwenda Baleni. Nilimweleza mjomba yote, nimekaa chini, sikupaza sauti. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kama ninaye shahidi kwamba gari ni langu. Barua yako sikumtolea, nikamwambia shahidi nimtakaye ni mmoja tu, mwanawe. Mjomba akafikiri, akasema, "Basi tutamuuliza. Suleimani hawezi kunidanganya mimi." Alisema hivyo, maneno yake mwenyewe, na alikuwa na uhakika.

Ijumaa ya tarehe nane, baada ya Alasiri, atakupigia. Simu itawekwa spika, tutakuwa tumekaa sote, mama, mkaza mjomba, Umi, na wazee wawili wa msikitini. Sitaki uombe radhi. Sitaki kugawana chochote. Useme kweli tu kwa baba yako, kisha mimi mwenyewe nitasema mbele yao kwamba gari nimekupa, na siri ya kiti nitakusomea pale pale kwenye simu.

Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu bila mzaha, kwa hiyo huenda hulijui hili neno likitoka kwangu. Nakuomba, Sule.

Binamu yako,
Warda


Bweni, Mafia
10 Agosti 2025

Ndugu Suleimani Mfaume,

Shikamoo. Natumaini u mzima wa afya na masomo yanaendelea vema. Sisi huku ni wazima.

Ninakuandikia kuhusu mazungumzo ya Ijumaa. Baba yako alikuuliza swali moja tu, tena kwa upole, "Mwanangu, hili gari kalibuni nani?" Kisha ukacheka, ukasema, "Baba nawe! Warda ananitania, hamumjui Warda?" Na watu wakacheka. Mkaza mjomba alicheka kwa nafuu, maana alikuwa ameshika tasbihi tangu adhuhuri. Wazee wa msikitini walicheka, mmoja akasema nimeshinda, nimewaita watu wazima kikao kwa utani. Hata mama yangu alitabasamu, kwa sababu alitaka iwe hivyo. Umi peke yake ndiye aliyebaki ananitazama.

Baba yako hakucheka. Alikata simu, akaitia mfukoni, akavaa kofia yake akatoka. Mpaka tunaondoka alikuwa bado yuko nyuma ya nyumba anapanga vifuu vya nazi vilivyokwisha pangwa.

Mimi nilisimama. Nikawaambia wote waliokuwepo kwamba kuanzia saa ile mimi na wewe hatutaniani. Mkaza mjomba akashtuka, akasema jambo hilo halijatokea kwetu, watoto wa ndugu hawavunji utani. Nikamwambia limetokea leo. Ukija Baleni au Bweni nitakuamkia kama ninavyomwamkia mgeni wa serikali, nitakupa kiti, nitakuletea maji, na ukichukua kitu changu nitakwenda polisi Kilindoni kuandikisha.

Kuhusu gari. Kiti cha dereva kitolewe mbele kulia, pale chini hapana gurudumu na uzito wake unaning'inia hewani. Kirudishwe nyuma mpaka mgongo wa kiti ulingane na ekseli ya magurudumu ya nyuma. Betri ihamie kushoto, karibu na gurudumu la mbele. Kitanda cha mgonjwa kibaki kushoto kama kilivyo. Ukifanya hivyo halitaanguka, hata likishika breki ghafla kwenye mteremko. Nakuandikia haya kwa sababu ya huyo dereva wenu wa majaribio. Simjui, lakini ana watu wake.

Nakutakia kila la heri mbele ya wageni wako tarehe ishirini.

Ni mimi,
Warda Jumanne
Fundi, Bweni