Sindano Aliyonichagulia Mama

Jumanne jioni

Binti yangu Kendi amechukua sindano ya cherehani mezani sasa hivi, akafunga macho, akapitisha ncha juu ya ukucha wa kidole gumba. Nimemnyang'anya haraka, halafu nikashindwa kumkemea. Ndivyo nyanya yake hufanya.

Mama ameshonea watu hapa Muthara tangu nikiwa mdogo. Sindano ikikwaruza ukucha wake hata kidogo, anasema ncha imeharibika, anaitupa. Macho yake yalipoisha nikachukua cherehani, yeye akabaki na kazi hiyo moja ya kunichagulia sindano.

Leo nilikuwa naanza gauni ya harusi ya binti wa mwalimu. Nikampa mama sindano tatu. Akazipima, akacheka. "Weka hii. Wewe bado mwanafunzi."

Nikaiweka, nikakaza skrubu. Mshono wa kwanza tu ikavuta nyuzi za satini. Ncha ilikuwa imepinda, hata mimi niliiona. Kumbe vidole navyo vimeanza kumwacha.

"Inashona aje?" akauliza.

"Vizuri, mama."

Alipotoka kuota jua nikaibadilisha. Sijamwambia. Nikimwambia, atakaa tu hapo kwa kiti akingoja siku ziishe, na mimi siko tayari.

Labda Kendi akikua kidogo wawe wanachagua pamoja, ukucha kwa ukucha, na mama hatajua ni nani aliyechagua...

Mama ananiita. "Mama Kendi! Hebu chomoa hiyo sindano yangu uniletee niipime tena."

Ile mbovu niliitupa kwa shimo la choo, na hii iliyo kwa cherehani siyo aliyonichagulia.